Hotchkiss akihama ni mwanzilishi, mimi nikihama ni mtoro?

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mjomba alisema mbele ya watu wote pale nyumbani, "Huyu hawezi kutulia mahali pamoja." Sikumjibu. Mjomba hajibiwi. Lakini wasee, hebu niwape stori ya mtu mwingine ambaye hakutulia, na alianzia huku kwetu Ukambani.

Willis Hotchkiss, Mmarekani. Alifika Mombasa Oktoba 1895 na kikundi kidogo cha Peter Cameron Scott, wale walioanzisha Africa Inland Mission. Mshahara hakuna. Ni kusali na kungoja watu wa nyumbani wachange. Volantia kamili. Scott mwenyewe alikuwa ameshahama: alianzia Congo mwaka wa 1890, akamzika ndugu yake huko, akarudi mgonjwa, kisha akajaribu tena, safari hii kupitia Mombasa. Kituo cha kwanza kilikuwa Nzaui. Ndiyo, leo ni Makueni, lakini hadi 1992 hiyo yote ilikuwa Machakos, kwa hivyo msinibishie. Disemba 1896 Scott akafa, miaka 29.

Hotchkiss akabaki, akijifunza Kikamba neno kwa neno. Alisimulia kwamba neno "mwokozi" pekee lilimsumbua zaidi ya miaka miwili kabla alipate.

Kisha mvua ikakataa. Njaa ambayo wazee huiita Yua ya Ngomanisye ikaja, na ndui juu yake. Mwaka wa 1899 Hotchkiss akarudi Marekani. Mwaka huo huo hata serikali ya Mwingereza ilifunganya ofisi zake kuu hapa Machakos ikahamia Nairobi, maana reli ilitupita. Kila mtu alikuwa anatuaga, bana.

1902 huyo amerudi, lakini si kwetu. Amekuja na Waquaker wenzake wawili, Hole na Chilson, wakafungua kituo Kaimosi. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Ungedhani angekaa hapo afurahie. Wapi! Mwaka wa 1905 ameshahamia Lumbwa, kwa Wakipsigis, anaanza tena kutoka chini.

Sitaki kumchafua. Kile Kikamba alichokitolea jasho hakikuwa na kazi kubwa Kaimosi, na hiyo naielewa. Nina miaka miwili ya uhasibu kichwani na sijui niipeleke wapi. Lakini yeye alikuwa na kwao pa kurudi, na watu wa kumchangia aanze kituo kingine.

Wakamba pia walihama wakati wa ile njaa. Wengi walitembea hadi Ukikuyuni kutafuta chakula, na kuna walioacha watoto huko ili angalau wale. Hakuna aliyewaita waanzilishi wa chochote. Susu husema tuna watu wetu upande wa Murang'a ambao hakuna kati yetu amewahi kuwaona. Walienda wakati huo, hawakurudi, na siku hizi labda hata Kikamba hawakijui.

Mwezi ujao naenda kuwatafuta na simu yangu hii. Nauli inatoka kwa mjomba.