Uma, Kinyume na Pengo: Jinsi Maarifa ya Maneno Yalivyopimwa

Katika kipimo cha akili walichokichapisha Ufaransa mwaka 1908, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walimuuliza mtoto swali jepesi: uma ni nini? Wa miaka 6 akisema ni wa kulia chakula, amefaulu. Wa miaka 9 alitakiwa avuke matumizi, aseme ni kitu cha aina gani au kimeundwa kwa nini. Neno lilikuwa lile lile. Kilichopimwa ni ufafanuzi.

Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akaleta hesabu. Kipimo chake cha 1916 kilikuwa na orodha ya maneno 100, yaliyopatikana kwa kuokota neno la mwisho la kila safu ya sita katika kamusi ya maneno yapata 18,000. Mtoto wa miaka 8 alipaswa kujua 20, wa miaka 12 ajue 40, mtu mzima wa kawaida 65. Namna ya kueleza haikujalisha sana. Ukionyesha unaijua maana mojawapo, umepata alama. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kilichokuwa bora kwa Binet kilipoanza kupotea.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimalizia. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kupima askari ambao hatimaye walizidi milioni moja na nusu. Nani angeketi kumsikiliza kila mmoja? Wenye kujua kusoma walipewa jozi za maneno, wapige mstari: maana ni moja au ni kinyume? Carl Brigham, aliyekuwa miongoni mwa wapimaji hao, ndiye aliyeongoza utungaji wa mtihani wa kuingilia vyuo, SAT, uliofanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926. Watahiniwa walikuwa 8,000 hivi, maswali 315, muda dakika 97. Vinyume vilikuwemo, na milinganisho pia.

Mlinganisho mmoja wa miaka ya baadaye ulizua maneno mengi. Mkimbiaji alilinganishwa na marathoni, na jibu sahihi likawa mpiga makasia na mashindano ya mashua. Mtoto wa Lamu mashindano hayo anayajua. Wa mtaa wa maskini Chicago angeyaonea wapi? Swali lilidai kupima akili, kumbe linauliza umekulia wapi. Vinyume viliondolewa mwaka 1994. Mwaka 2001 Richard Atkinson, rais wa Chuo Kikuu cha California, alilalamika hadharani kwamba aliwakuta watoto wa miaka 12 wakikaririshwa milinganisho darasani. Nayo ikaondolewa mwaka 2005.

Swali la pengo, la kujaza neno lililoachwa wazi, ni la ukoo mwingine. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilitumia Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland, akichunguza kama saa nyingi za masomo huwachosha wanafunzi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1897. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliligeuza kuwa kipimo cha ugumu wa maandishi, kwa kufuta maneno kwa mpangilio maalumu. Kenya wanalijua vyema: karatasi ya Kiswahili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu tangu 1985 hadi 2023, ilifunguliwa na vifungu vya kujaza nafasi.

Lakini pengo la Kiswahili lina mtego wake, nao ni ngeli. Tuseme sentensi ni “Alilichukua ____ lake akaenda kupasua kuni,” na majibu ni kisu, shoka, msumeno, nyundo. Mtahiniwa hana haja ya kujua kuni hupasuliwa kwa nini: “lake” imeshamwambia ni shoka. Hapo umepima upatanisho wa kisarufi, na alama ukaiandikia msamiati. Watunzi wa mitihani, wekeni jembe, shoka na fyekeo, zote za ngeli moja, ndipo mjue nani anazijua zana zenyewe.