Kadi ya Simu na Fundisho Lake kwa Ushirika



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, yafaa tutazame historia ya biashara iliyopita mbele ya macho yetu, nayo ni ile ya kadi za simu zilipiwazo kabla, ambazo wengi wetu huziita vocha.

Kadi za kulipia simu zilianza Italia, mwaka 1976, katika simu za barabarani, kwa kuwa sarafu zilikuwa haba na wezi walivunja visanduku vyake. Mwaka 1995 kampuni ya TMN ya Ureno ilianza kuuza simu za mkononi za kulipia kabla. Hapa Tanzania, Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1994, na mwaka huohuo Mobitel ikafungua simu za mkononi. Vodacom ilifuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001.

Zamani simu ya mbali ilikuwa mali ya ofisi. Aliyetaka kuwa na simu yake alipaswa kuwa na anwani, na kulipa hesabu kila mwezi, hata miezi ambayo mkulima hana kitu ghalani. Vocha iliviondoa vizuizi hivyo. Mtu alikwangua kadi, akaingiza namba ya siri, akazungumza na Arusha au Dar es Salaam kadiri ya fedha yake. Kampuni haikumwogopa, maana haikumkopesha. Yeye ndiye aliyeikopesha kampuni kwa kulipa mapema. Huo ndio ufunguo wa biashara yote.

Kwa mfanyabiashara kadi ilikuwa bidhaa njema. Haiozi wala haitaki ghala, na mzigo wake hauhitaji lori kama magunia ya ngano. Mtaji mdogo uliweza kuzunguka mara nyingi. Lakini kadi ilipita mikono mingi: kampuni ilimwuzia wakala mkubwa kwa bei pungufu, naye akawauzia wadogo. Mwenye duka la kijijini alikuwa wa mwisho, na faida yake ilikuwa nyembamba, ijapokuwa ndiye aliyemjua mnunuzi.

Kisha watu wenyewe waligundua matumizi mapya. Nchini Uganda, mtu wa mjini alinunua kadi, akamsomea namba yake mwenye simu wa kijijini, naye huyo akawapa jamaa zake fedha taslimu, akikata ujira wake. Kadi ikawa hundi ya maskini. Mwaka 2007 M-Pesa ilianzishwa Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Tangu hapo muda wa maongezi hununuliwa zaidi kwa simu yenyewe, na kadi za kukwangua zimepungua sana. Aliyejua kuuza kadi tu alipoteza kazi. Aliyeujua uhitaji wa jirani zake akawa wakala wa fedha.

Basi, ndugu wanachama, jambo lililo mbele yetu ni hili: je, vyama vyetu vya msingi viwe mawakala wa fedha, au tuwaachie wengine faida hiyo kama tulivyowaachia ile ya vocha? Wakati wa mavuno wakala mdogo huishiwa na fedha taslimu, na mkulima hulazimika kusafiri hadi Katesh. Ushirika waweza kukusanya mtaji ambao mtu mmoja hawezi. Hata hivyo fedha si kama ngano: hupotea bila kuacha punje sakafuni. Kwa hiyo hapana budi hesabu zifungwe kila jioni, na mkaguzi afike pasipo kutangazwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Kampuni za simu zilijaza kibaba chao kwa shilingi zetu ndogo zilizolipwa mapema. Hisa ya mwanachama nayo ni shilingi ndogo iliyolipwa mapema. Tofauti ni kwamba kibaba hiki ni chetu wenyewe.