Paka kujisaidia nje ya beseni katika mitaa ya Eastlands, Nairobi

Paka kujisaidia nje ya beseni ni hali ya paka wa nyumbani kukojoa au kunya sakafuni, kitandani, kwenye rundo la nguo au penginepo, ilhali ametengewa beseni la mchanga. Hutofautishwa na kunyunyiza, yaani paka kurusha mkojo ukutani ili kuweka alama ya himaya yake. Harufu zinakaribiana, lakini chanzo ni tofauti na tiba ni tofauti. Katika mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, paka hufugwa hasa kwa sababu ya panya, na wengi hulelewa nusu ndani nusu nje. Hivyo malalamiko mengi huanza pale mfugaji anapohamia ghorofani na kumfungia paka ndani.

Udongo ulivyopotea

Kaloleni, mtaa wa manispaa uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa kwa nyumba za chini zenye uwanja wa nyasi kati yake. Paka wa huko, kama wenzake wa Maringo na Jericho, hakuhitaji beseni: alitoka, akafukua, akafukia, akarudi. Buruburu, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na nyumba za safu zenye ua. Dandora, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975, uligawa viwanja 6,000 hivi, navyo vilikuwa na nafasi wazi. Nafasi hizo zilijazwa vyumba vya kupangisha mwaka baada ya mwaka. Umoja ilipanda juu. Huruma, na Pipeline kule Embakasi, ni majengo ya ghorofa sita, saba na zaidi yanayokaribia kugusana. Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu majumba ya kupanga, aliilinganisha Nairobi hii na Berlin ya karne ya 19. Paka hawamo katika hoja yake, ingawa nao ni wapangaji, tena wasio na mahali pa kufukua.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye hadi leo yuko katika nyika za Kenya. Kufukua udongo mwepesi na kufukia haja ni jambo analozaliwa nalo. Kujua kwamba beseni la plastiki lililo nyuma ya mlango ndio udongo wenyewe, hilo hazaliwi nalo. Ndiyo maana neno "mkaidi", ambalo paka wa aina hii hubandikwa upesi, halielezi chochote. Kumsugua pua kwenye mkojo wake, kama wengi wafanyavyo, humfundisha kumwogopa mwenye mkono, na safari ijayo atajificha chini ya kitanda kukojoa. Wako pia wanaomtia guniani na kwenda kumtupa sokoni. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ipo, ila ni nadra kutajwa kwenye ploti.

Ugonjwa kwanza

Paka aliyezoea beseni kisha akaliacha ghafla achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Uvimbe wa kibofu humfanya aende haja mara kwa mara, atoe matone, na alihusishe beseni na maumivu. Maradhi ya figo na kisukari huongeza mkojo hadi beseni likashindwa kuuhimili. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma hawezi kuruka ukingo mrefu.

Hatari kubwa kuliko zote ni dume aliyezibwa njia ya mkojo. Huchuchumaa, hukaza mwili, hulia, hujilamba sehemu za siri, na hakuna kinachotoka. Majirani husema amefunga choo, naye hunyweshwa mafuta ya kupikia. Hili ni kosa linaloua: mkojo ukizuiwa kwa siku moja au mbili, potasiamu hupanda katika damu na moyo husimama. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ileile, bila kungoja asubuhi. Asipewe panado; parasetamoli, hata kipande kidogo, huharibu damu ya paka na kumuua. Wauzaji wa maduka ya dawa za mifugo wamezoea ng'ombe na kuku, na ushauri wao kuhusu paka si wa kutegemewa sikuzote. Daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ndiye wa kumwona. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kiko upande wa Karen. Kote kuwili ni kuvuka jiji zima kutoka Kayole.

Mara nyingi kibofu huvimba bila vijidudu vyovyote. Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alionyesha kwamba paka wa namna hii hupata nafuu kubwa mazingira yao yakitulizwa: mahali pa kujificha, mahali pa juu pa kupanda, chakula kwa saa zinazojulikana, mchezo. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi hayo yote huweza kuwa katoni juu ya kabati. Kuhama nyumba mwisho wa mwezi, mtoto mchanga, paka mgeni au fundi anayepasua ukuta wa jirani, kila kimojawapo chatosha kumvuruga. Maji mengi tumboni husaidia pia. Omena kavu ichemshwe na apewe pamoja na supu yake, bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwake.

Kunyunyiza

Anayenyunyiza husimama wima, huinua mkia na kuutetemesha, na mkojo hutua ukutani, mlangoni au kwenye kochi. Kwa kawaida ni dume asiyehasiwa anayesikia harufu ya paka wengine koridoni. Kuhasi huondoa au kupunguza sana tabia hii kwa takriban madume tisa kati ya kumi, matokeo yaliyoripotiwa na Hart na Barrett mwaka 1973. Yafaa kufanywa kabla ya miezi sita. Jike naye hunyunyiza akiwa kwenye joto la kutaka dume.

Beseni na kinachotiwa ndani

Mtungi wa lita ishirini uliokatwa ubavuni ndio choo cha paka kinachoonekana zaidi Eastlands. Wamfaa mtoto wa paka, lakini dume mzima hubaki na makalio nje, na mwenye nyumba hudhani amekosea makusudi. Kipimo kizuri ni urefu wa mwili wa paka mara moja na nusu, kwa hiyo beseni la kufulia nguo ni bora zaidi. Kwa paka mzee, upande mmoja ukatwe uwe mfupi.

Mchanga wa kokoto ndogo za udongo unaouzwa madukani ulianza Marekani mwaka 1947, pale Edward Lowe wa Michigan alipompa jirani yake punje za udongo mfyonzaji badala ya mchanga. Kabla ya hapo Wamarekani walitumia mchanga, jivu na unga wa mbao, yaani yaleyale yatumikayo Umoja leo, kwa hiyo hakuna haja ya kuyaonea haya. Mchanga wa mto uletwao kwa ujenzi hufaa ukichekechwa, kwani paka hupenda punje laini. Lakini rundo lililo nje ya jengo huwa tayari ni choo cha paka wa mtaa, na lina mayai ya minyoo. Uoshwe, kisha ukaangwe kwenye karai hadi uwe moto kabisa. Unga wa mbao wa maseremala wa Gikomba hufyonza vizuri, ila husambaa kwa miguu. Jivu la makaa ni baya: likilowa huchoma nyayo, na paka huzilamba.

Aliyezoea ua huhamishwa polepole. Huchotwa udongo wa mahali pake pa zamani, hutiwa beseni zima, kisha kila siku chache sehemu hubadilishwa kwa mchanga. Kina cha sentimita tatu hadi tano chatosha.

Kanuni ya vitabu ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada. Iliandikiwa watu wenye vyumba vingi. Palipo na chumba kimoja, mabeseni mawili yaliyo ubavu kwa ubavu paka huyaona kama moja, na paka mbabe huweza kuyalinda yote. Ni afadhali kuyaweka pembe mbili zinazotazamana, au kuwa na moja na kuondoa uchafu asubuhi na jioni. Beseni lisikae karibu na chakula. Mgao wa maji ndio adui mkubwa wa usafi huu. Maji ya kufulia yaliyobaki, yasiyo na jiki, yanatosha kuliosha mara moja kwa wiki.

Kuondoa harufu

Paka hurudia mahali anaponusa mkojo wake. Jiki haifai: ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu. Dawa za sakafu zenye fenoli ni sumu kwa paka. Kinachofaa ni kukausha kwa kitambaa, kuosha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kusuuza kwa maji baridi, na pakishakauka, kupaka spiriti. Godoro la sponji lianikwe paani mchana kutwa baada ya kuoshwa. Mahali pasipojulikana hupatikana usiku kwa kitaa kile cha kukagulia noti bandia, kwa sababu mkojo hung'aa chini yake.

Pumwani na Eastleigh, wanakoishi Waislamu wengi, kuna kipimo kingine cha usafi. Kwa Waislamu, paka mwenyewe na mate yake si najisi. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo paka anywe, akasimulia alivyoeleza Mtume kwamba ni wa wale wazungukao nyumbani. Mkojo na mavi yake ni najisi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waswahili na Wasomali, msala huoshwa kwa maji mpaka rangi, ladha na harufu viondoke. Jua na siki pekee havitoshi.

Kutupa uchafu

Mchanga usimwagwe chooni, kwa maana mabomba ya ploti huziba upesi na keateka hujua pa kuanzia kuuliza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo pakiti tupu za unga ndizo hutumika, kisha hutiwa kwenye gunia la vijana wa taka. Vijidudu vya toksoplazma huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, na ndiyo sababu kinyesi kiondolewe kila siku, na mwenye mimba amwachie mwingine kazi hiyo.