Jiwe na Mpaka: Habari ya Shule za Soitsambu

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Hawakusema alelewe upande gani wa mpaka, kwani kwao mpaka haukuwa na kauli katika malezi. Sisi tuliozaliwa visiwani tumezoea kuwa bahari ndiyo iliyotuchorea mpaka wetu, na kwamba mtoto husoma chuo cha mtaani kwake. Akitoka nyumbani na juzuu yake kwapani, hafiki mbali kuliko inapofika sauti ya muadhini. Yumkini ndiyo maana hatujauliza sana swali ambalo wenzetu wa bara wamelazimika kuliuliza kila mwaka: mtoto huyu ni wa shule ipi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Swali hilo nataka kulifuata hadi Soitsambu. Soitsambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Magharibi mwa nchi ile iko Serengeti, na kaskazini iko Kenya. Jina lenyewe ni la Kimaa: osoit ni jiwe, na sambu ni rangi mchanganyiko, kama ya ng'ombe mwenye mabaka. Wakazi wake wengi ni Wamaasai, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu angedhani kuwa katika nchi pana namna hiyo mgogoro wa mipaka ya shule hauna nafasi. Kumbe sivyo.

Katika viunga vya miji ya Marekani, wakuu wa elimu huchora mstari barabarani: watoto wa upande huu shule hii, wa upande ule shule ile. Watu wakiongezeka mstari huhamishwa, na wazazi hugombana mikutanoni, kwa kuwa bei ya nyumba hufuata sifa ya shule. Lakini katika ugomvi ule nyumba haitembei. Aliyeamka upande wa mashariki wa barabara atalala upande huo huo. Soitsambu, mstari unachorwa juu ya watu ambao riziki yao ni kutembea. Boma hubaki mahali pake, bali kiangazi kikikaza, vijana na baadhi ya jamaa huhama na mifugo kwenda ronjo, yaani kambi za muda zilizo karibu na maji na malisho. Mvua ikirejea, nao hurejea. Daftari la mahudhurio halina safu ya mvua.

Mpaka wa kwanza uliowagusa watu wale haukuwa wa shule. Mwaka 1959 sheria ya kikoloni iliitenga Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Eneo la Ngorongoro, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakatakiwa wahame, wengine wakaelekea Ngorongoro na wengine Loliondo. Siku hizo shule katika Umasai zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mkoloni alipohitaji wanafunzi, aliwaagiza wazee watoe watoto kama walivyotoa kodi. Na wazee, kama wote wanaotozwa, aghalabu walitoa kile walichoweza kuvumilia kukikosa: yatima, au mtoto asiyefaa machungani.

Tusiwacheke. Huku kwetu Unguja na Pemba, wazazi wa mashamba waliikwepa shule ya Serikali kwa miaka mingi, wakihofu kwamba watoto wao wangetolewa katika dini. Walilegea pale mafunzo ya Qurani yalipoingizwa katika ratiba, na mwalimu waliyemjua akaonekana darasani. Naomba msomaji aliweke jambo hili kando, tutalirudia.

Baada ya Uhuru ukaja mpaka wa pili, wa kijiji. Katikati ya miaka ya 1970, wakati nchi nzima ilipokuwa ikihamia vijijini, Umasai ulikuwa na operesheni yake, iliyoitwa Imparnati, neno la Kimaa lenye maana ya makazi ya kudumu. Sheria ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limekwisha kutaka kila mtoto apate elimu ya msingi, jambo lililoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 1977. Na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha kila mzazi kumwandikisha mtoto atimizapo miaka saba.

Mambo haya mawili, kijiji na shule, yalikuja pamoja, na hayakuachana tena. Shule ilifungwa kwenye kijiji kama ndama kwenye kigingi. Kijiji kisicho na shule kilionekana hakijatimia, na shule ikawa ushahidi kwamba hapa pana watu, na ya kuwa watu hao hawapiti tu. Kwa mfugaji ambaye ardhi yake yaitwa na wengine pori, ushahidi wa namna hiyo si kitu kidogo. Boma la miti na samadi laweza kusemwa kuwa ni la jana. Ukuta wa matofali wenye namba ya usajili wa Wizara ni vigumu kuusema hivyo.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni Moringe ole Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro kuanzia mwaka 1980 hadi 1990. Mwaka 1989 alisimama Geneva, mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akawasemea wafugaji na wawindaji wa Afrika Mashariki. Aliporejea kazini kwake Loliondo, alianzisha shirika la KIPOC, na juhudi za shirika hilo zikazaa Sekondari ya Emanyata. Jina hilo lenyewe ni hoja: manyata ni kijiji cha morani, mahali ambapo rika zima hukaa pamoja kufunzwa utu uzima. Parkipuny, aliyefariki mwaka 2013, alikusudia shule iwe manyata mpya, na iwe ya watu wote wa nchi ile pasina kuuliza kijana katoka kijiji gani.

Kisha ukaja wakati wa wingi. Serikali iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara, waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001, walikaribia milioni 8 mwaka 2006. Zikafuata sekondari za kata: shule za sekondari zilizokuwa chini ya 1,000 mwaka 2000 zilipita 4,000 mwaka 2009. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Wilaya ya Ngorongoro peke yake ilihesabiwa watu 174,278 mwaka 2012 na watu 273,549 mwaka 2022. Ongezeko la karibu watu laki moja katika miaka kumi.

Wingi huo ulihitaji mistari mipya. Ololosokwan, iliyokuwa ndani ya kata ya Soitsambu, ikawa kata yenyewe. Na kijiji cha Soitsambu nacho kikagawanyika kuwa vijiji vitatu: Soitsambu, Mondorosi na Sukenya. Kila mgawanyo ulikuwa na sababu zake za haki. Kijiji kikiwa kikubwa mno, mtoto mdogo hutembea saa nyingi, tena katika nchi yenye tembo na fisi; kikigawanywa, kila upande hupata haki ya kudai shule yake, mwalimu wake na fungu lake la fedha za Halmashauri. Kwa upande mwingine, kijiji kikigawanywa, hugawanywa pia malisho, maji na jamaa. Loliondo wapo Wapurko, Waloita na Walaitayok, koo kubwa za Kimaasai zilizooana na kuchangia visima kwa vizazi. Mstari wa kuandikisha watoto, ukipita mahali ukoo unapokoma na mwingine kuanza, huacha kuwa mstari wa shule tu. Madawati yakihesabiwa, ng'ombe huhesabiwa pia, na mzee anayesimama mkutanoni kusema kuhusu darasa huenda anasemea kisima.

Haya hayakuwa maneno matupu katika Soitsambu. Mwaka 1984 Kampuni ya Bia Tanzania ilipewa ekari 10,000 za ardhi ya kijiji kwa ajili ya kilimo cha shayiri. Ililima sehemu ndogo tu, kisha ikaacha, na wafugaji wakarejesha mifugo yao. Mwaka 2006 haki ya shamba hilo ilipita kwa kampuni ya utalii, na hati ikasoma ekari 12,617. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 ilifunguliwa kwa majina matatu ya vijiji, kwani kijiji kilichotoa ardhi hakikuwapo tena kama kilivyokuwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba zile ekari 2,617 zilizoongezwa hazikupatikana kihalali, bali zile 10,000 hazikurudi vijijini. Vijiji vitatu, watoto wanaozidi, na katikati yao shamba ambalo haliwezi kujengwa darasa wala kulishwa ndama bila idhini ya mwingine.

Ardhi iliendelea kupungua. Julai 2009, mwaka wa ukame mkali, maboma ya wafugaji yalichomwa moto katika eneo la uwindaji linalopakana na Serengeti. Juni 2022, baada ya mvutano wa miaka mingi, vigingi vilisimikwa kuzunguka kilomita za mraba zipatazo 1,500 za ardhi hiyo, zikaitwa Pololeti. Kesi zimekuwapo kabla na baada ya hapo, katika Mahakama Kuu na katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Ambalo halisemwi sana ni hili: ronjo zilizokuwa upande wa pili wa vigingi zilikuwa na watoto. Familia iliyozoea kupeleka mifugo huko na kumwacha mtoto wa shule na bibi yake bomani, sasa hulazimika kutafuta malisho mbali zaidi, na aghalabu mtoto huondoka nao. Jina lake libaki Soitsambu, mwenyewe yuko nchi nyingine.

Nako kusini mwa wilaya hiyo hiyo, katika tarafa ya Ngorongoro, mpaka ulionesha nguvu yake kwa namna nyingine. Mwaka 2022, wakati wakazi walipohimizwa kuhamia Msomera wilayani Handeni, fedha zilizokuwa zimetengwa kwa shule kadhaa za tarafa hiyo zilielekezwa Handeni. Agosti 2024, Tangazo la Serikali Namba 673 lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya tarafa hiyo. Wananchi wakaandamana, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo hilo mwezi huo huo. Soitsambu haikuwamo katika orodha ile. Lakini mzazi wa Soitsambu aliyesikia habari hizo alielewa bila kufafanuliwa: sekondari ya kata yaanza na kata, na kata yaweza kufutwa kwa karatasi.

Dawa zipi zimejaribiwa? Ipo shule shikizi, tawi dogo la shule mama linalojengwa karibu na maboma, ili watoto wa madarasa ya chini wasitembee mbali. Katika fedha za kukabili athari za UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini kote. Lipo pia bweni, ambalo humwondoa mtoto katika hesabu ya mvua na umbali. Bweni limewaokoa wasichana wengi na safari ya hatari na ndoa ya mapema. Lakini mtoto wa miaka saba anayelala bwenini huamka kwa kengele, asijue tena ng'ombe wa baba yake kwa majina, na Kimaa chake hubaki cha likizo. Nasi tunaokienzi Kiswahili tusisahau kwamba kwake lugha hii tamu ilikuja ikiwa lugha ya daftari na amri, kabla hajaisikia katika wimbo.

Sasa nirudi kwenye lile tuliloliweka kando. Mzazi wa Makunduchi au Micheweni hakushindwa kwa hoja hata akampeleka mwanawe skuli. Skuli ilisogea kwake: ilikichukua chuo alichokiamini, ikakipa nafasi ndani ya ratiba yake. Soitsambu, kwa muda wa nusu karne, safari imekuwa ya upande mmoja. Mfugaji amesogea, amekaa kijijini, amechanga mifugo kwa ajili ya madarasa, amekubali kijiji kigawanywe ili shule ipatikane, na hata amemtoa binti yake. Mpaka haujamsogelea. Kalenda ya shule ingeweza kufuata masika na kiangazi cha Loliondo. Daftari lingeweza kumpokea mtoto ronjoni, shule ya jirani ikamhesabu kwa miezi mitatu pasina kumwita mtoro. Na kabla ya kuchora mstari wa kijiji kipya, ingewezekana kuuliza kwanza ndama wanakunywa wapi, kwani watoto watakuwa hapo hapo.

Haya si makubwa kuliko yale yaliyofanywa visiwani na watu waliokuwa na fedha chache zaidi. Yanahitaji tu mwenye kalamu akubali kwamba mtoto wa mfugaji akihama na mvua hajapotea, na kwamba pale alipo pia ni kwao.