Audi: Kampuni Iliyozaliwa kwa Kesi ya Jina

Kwa Kijerumani, "horch" ni amri: sikiliza! Lilikuwa pia jina la ukoo la August Horch, mwana wa mhunzi kutoka Winningen, kijiji cha mizabibu kando ya mto Mosel. Baada ya kumfanyia kazi Carl Benz kule Mannheim, alifungua kampuni yake mjini Köln mwaka 1899, na baadaye akaihamishia Zwickau. Mwaka 1909 akakosana na wakuu wenzake, akaondoka. Hakwenda mbali. Mwaka huohuo, katika mji uleule, alifungua kiwanda kingine kwa jina lilelile. Wenzake wakamshtaki, wakashinda, naye akakatazwa kuyaita magari yake kwa jina la baba yake mzazi.

Kikao cha kutafuta jina jipya kilikaa nyumbani kwa rafiki yake, Franz Fikentscher. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa pembeni akidurusu Kilatini, na uvumilivu ulipomwisha akauliza: kwa nini msilitafsiri tu? "Horch" kwa Kilatini ni "audi". (Angekuwa anadurusu Kiswahili, pengine leo matajiri wangekuwa wanajivunia Sikia zao.) Jina likaandikishwa Aprili 1910.

Mdororo wa uchumi uliwarudisha mahasimu chini ya paa moja. Mwaka 1932 Audi, DKW, Horch na Wanderer ziliungana kuwa Auto Union. Pete nne zilizoshikana kwenye nembo ya Audi ni wao hao wanne. Magari yao ya mashindano yalitikisa Ulaya, lakini historia haiwezi kuishia kwenye vikombe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni ilitumikisha watu kwa nguvu. Utafiti ambao Audi yenyewe iliuagiza, uliotolewa 2014, ulihesabu wafungwa zaidi ya 3,700 wa kambi za mateso waliofanyizwa kazi kwa ajili yake.

Baada ya 1945, Zwickau iliangukia upande wa Wasovieti na mashine zikang'olewa. Kampuni ilianza upya Ingolstadt mwaka 1949, ikiuza DKW za kuchanganya petroli na oili. Daimler-Benz ikainunua, kisha Volkswagen, na mwaka 1965 jina la Audi likafufuliwa. Mkuu wa Volkswagen, Heinrich Nordhoff, alipiga marufuku kubuni magari mapya Ingolstadt. Alitaka kiwanda kiunde Beetle tu. Mhandisi Ludwig Kraus akabuni kwa siri. Nordhoff alipooneshwa gari lenyewe, alikubali, na Audi 100 ikatoka 1968. Bila ukaidi huo, nadhani tungekuwa tunaizungumzia Audi kama marehemu.

Mwaka 1980 ikaja quattro, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka uliofuata Michèle Mouton alishinda nalo Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda duru ya rali ya dunia. Kenya ilikuwa ngumu zaidi: magari ya aina hiyo hayakuwahi kushinda Safari Rally hadi 1987, Hannu Mikkola alipofika wa kwanza na Audi 200, Walter Röhrl akimfuata kwa gari kama hilo.

Ikafuata aibu ya 2015, ya kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli. Na mwaka 2021, kwa wanunuzi wa China, Audi ilitoa toleo la kifahari kupita yote la A8. Ililiita Horch.