Theluji Yetu ni Tope

Huku kwetu karibu na mdomo wa Ruvuma, theluji tunaijua kwa jina tu, na jina lenyewe asili yake ni Kiarabu. Imo katika dua ya kumswalia maiti, pale marehemu anapoombewa aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Wazee wa Mahurunga wamezikana kwa dua hiyo kizazi baada ya kizazi, na sidhani kama kuna mmoja wao aliyepata kuishika theluji mkononi. Kwa upande mwingine, mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, baadhi ya mabingwa wa jiografia huko London, watu waliozaliwa kwenye theluji, walikataa kabisa kumsadiki.

Kuteleza, hata hivyo, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Aliyewahi kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma mwezi wa Machi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, anajua jinsi gari linavyoacha kumsikiliza dereva na kuanza kufuata mteremko.

Tope hilo ni kongwe kuliko magari. Machi 1866 David Livingstone alifika mdomoni mwa Ruvuma akiwa na ngamia, nyati, punda na nyumbu, akitaka kujaribu wanyama wa kubebea mizigo katika safari za bara. Mikoko na matope havikumpa hata mahali pa kuwateremshia ngamia wake, ikabidi arudi kaskazini hadi Mikindani ndipo akashusha. Wanyama wengi walimfia njiani. Mizigo ikaendelea kupanda vichwani mwa watu kama ilivyokuwa, na katika Vita Kuu ya Kwanza ilipanda vichwani mwa wapagazi wengi zaidi, ambao majina ya wengi wao hayajulikani.

Kisha ukaja Mpango wa Karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, na kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea wakatujengea Mtwara reli na bandari ya kina kirefu. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kushindikana. Na reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Tukabaki na barabara za udongo. Katika miaka hiyohiyo gari la kwenda kwenye udongo lilikuwa limekwisha kupatikana: Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Ndilo gari lililowaleta kwetu mabwana shauri, kisha mabwana shamba, mapadri, madaktari na viongozi wa siasa.

Nchi za theluji nazo zilitengeneza ya kwao. Kule kaskazini mwa Japani kampuni ya umeme ilitaka gari la kukagulia nyaya milimani wakati wa baridi, lisilo wazi na la taabu kama jipu. Hapo ndipo Subaru walipounda gari lao la kwanza la magurudumu manne, mwaka 1971. Wajerumani wa Audi walipata wazo lao Finland mwaka 1977, walipoona jipu la kijeshi lisilo na nguvu nyingi likiyashinda kwenye theluji magari yenye injini kubwa. Mwaka 1980 wakatoa Quattro. Magari hayo yaliletwa Afrika Mashariki kushindana katika Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kuendeshwa wakati wa Pasaka, makusudi ili masika yayakute njiani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Kinachonifurahisha ni kwamba mabingwa hao wa theluji hawakushinda upesi. Kuanzia 1984 hadi 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica, gari linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Audi walipata wao mwaka 1987.

Wengi hudhani foowili ni dawa ya utelezi. La hasha! Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kwa magurudumu yote manne, ili kila moja lisukume kidogo na lisizunguke bure. Kusimama ni jambo jingine. Breki za teksi hushika magurudumu manne, na za Land Rover hushika manne vilevile. Kwenye utelezi yote mawili yatateleza, isipokuwa la foowili litakuwa limekuja kwa kasi zaidi kwa sababu dereva wake alijiamini. Ndiyo maana katika nchi za baridi magari haya nayo hukutwa mitaroni kila theluji inapoanguka.

Dereva wa huko na wa kwetu wangeelewana bila mkalimani. Katika Land Rover za zamani kuna kirungu cha njano cha kuingizia magurudumu ya mbele, na mkono mwekundu wa gia ndogo. Dereva hodari huviingiza kabla ya kufika kwenye tope. Kwenye mteremko huiacha injini ilizuie gari, mguu ukiwa mbali na breki, na mkia ukichepuka huzungusha usukani upande uleule unakokwenda mkia. Hata hivyo atakwama tu siku moja, kwa sababu difu ya kawaida hulipa mzunguko gurudumu lile lisiloshika, na lililo pagumu likasimama. Wenzetu hapo hutia mchanga au majivu chini ya tairi. Sisi hutia makuti na matawi ya mkorosho, na nusu ya kijiji huja kusukuma.

Sasa niseme linalonikera. Maofisini kuna neno linalopendwa sana: "inapitika". Barabara inapitika. Aliyeliandika neno hilo alipita kwa foowili, na hakudanganya, kwa kuwa yeye alipita kweli. Lakini lori la korosho halikupita, wala basi, na mama mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwenye machela au kwa baiskeli kuelekea Ligula, akipishana na magari ya wageni waliokuja kuangalia hali yake. Naamini kwa dhati kwamba gari lile lililotufikia kwa urahisi lilituchelewesha, maana mwenye uwezo wa kuamuru barabara ijengwe ndiye ambaye hakukwama. Laiti mabwana wakubwa wangelazimishwa kuja Mahurunga kwa teksi mwezi wa Machi!

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60 tu, ikatuweka miaka mingi zaidi. Ilipokwisha, magari madogo ya chini yalianza kutoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Mtwara jioni, masika na kiangazi, dereva akiwa amevaa viatu safi.