Stori Tano za Mjomba

Nilizaliwa Ouko akiwa ameshakufa, lakini mjomba amenisimulia kifo chake kwa njia tano, na kila moja anaiapia. Februari 1990, mwili wa waziri wetu wa mambo ya nje ulipatikana Got Alila, karibu na kwake Koru, umechomwa, una jeraha la risasi. Polisi wakadokeza kwamba alijiua. Yaani alijichoma, kisha akajipiga risasi? Baada ya hiyo, stori gani tena ingekuwa ya ajabu? Tume ya Gicheru ilianza kuuliza maswali. Moi akaivunja 1991 kabla haijamaliza. Mjomba akifika hapo hushusha sauti, ingawa tuko sebuleni kwake, na mlango umefungwa.